Panga Lililokataa Kaburi

Hapo kale, ila si kale sana, maana wahusika wote wangali hai na baadhi wamepandishwa vyeo, palikuwa na nchi iitwayo Jamhuri ya Vumani. Usihangaike kuitafuta kwenye ramani. Wachora ramani walifika, upepo ukawapokonya karatasi, wakarudi kwao wakaandika kwamba pale hapana kitu. Na kama katikati ya kusoma utahisi unamfahamu bwana fulani au ofisi fulani, nenda kanawe uso kwa maji baridi, kisha urudi uendelee.

Vumani haikujaliwa dhahabu wala gesi. Ilijaliwa upepo. Upepo wa huko ulikuwa na tabia za kiranja wa bweni: haulali, hauchoki, na unaingia bila kubisha hodi. Ulivua kofia za maaskofu, masheikh na mawaziri bila ubaguzi. Ulianua nguo kambani kabla ya wenyewe na kuzigawa kwa majirani. Serikali ikaona nguvu kubwa namna hiyo haifai kuzurura bila ajira, ikasimamisha juu ya Kilima Kipara minara ishirini, kila mnara na mapanga matatu marefu ya kuzunguka na kufua umeme. Jina lake rasmi lilikuwa refu kuliko minara yenyewe. Raia, ambao hawana muda, waliiita mapangaboi, kwa kuwa ilifanana na feni ya darini iliyotoka nje kupunga hewa.

Sasa ili uelewe mkasa wa Mhandisi Sikudhani Kapungu, sharti kwanza ujue kosa la karani.

Meli ilipoyaleta mapanga yale sitini ya kwanza, karani wa masjala aliagizwa ayaandikishe kabla ya jua kuzama. Fomu za vifaa zilikuwa zimekwisha. Zilizobaki kabatini ni fomu za watumishi wapya wa umma. Karani alikuwa mtu wa wajibu. Alivuta kiti, akalikabili Panga Namba Moja, akaanza. Urefu: mita arobaini. Hali ya ndoa: hajaoa. Je, umewahi kushtakiwa mahakamani? Karani akalitazama panga kwa muda, akaandika: bado.

Kosa lingeweza kurekebishwa siku ya pili yake, lakini kanuni ilisema kumbukumbu za mtumishi harekebishi mtu ila mtumishi mwenyewe, afike ofisini na barua yake mkononi. Hakuna panga lililofika. Basi kwa miaka ishirini mapanga ya Vumani yalikuwa watumishi wa umma. Yalikwenda likizo siku ishirini na nane kila mwaka, na katika siku hizo hata upepo uje wa kung'oa mapaa, panga lililo likizoni lilifungwa breki likapumzika. Panga Namba Tisa liliwahi kuwa Mfanyakazi Hodari wa mwaka, likapewa cheti na blanketi. Blanketi lilivikwa kwenye mnara. Upepo ukalichukua ukampa mtu mwingine mwenye shida.

Baada ya miaka ishirini mapanga yakastaafu, na hapo ndipo ilipogundulika kwamba hakuna aliyewahi kufikiria yatakwenda wapi. Yalikuwa yametengenezwa kwa nyuzi za kioo na gundi ya kufa na kuzikana. Hayaozi. Yakichomwa, wilaya nzima inakohoa. Yakikatwa kwa msumeno, msumeno unakuwa butu na vumbi lake linawasha kama upupu uliomwagwa kwenye shuka za watu. Wizara ikakaa, ikafikiri, ikasoma tena majalada, na ikakumbuka kwamba hawa ni watumishi. Mtumishi akifikia mwisho huzikwa.

Ikaundwa Kamati ya Taifa ya Mazishi ya Mapanga.

*

Kamati ilizika panga moja kila Jumamosi. Wapo waliopendekeza yazikwe yote sitini kwa mpigo ili mapya yaajiriwe na umeme urudi, kwa kuwa nchi ilikuwa gizani tangu yale ya zamani yashushwe. Mwenyekiti wa Kamati, Mzee Mashaka Ndolezi, alijibu kwamba mazishi ya halaiki ni dharau kwa utumishi wa umma. Watu wakakubali, hasa waliokuwa karibu na sufuria.

Maana usione mazishi ukadhani ni shimo tu. Palikuwa na turubai nne, wapishi kumi na wawili, kwaya ya watu thelathini, vipaza sauti, fulana zenye namba ya marehemu mgongoni, na pilau ambayo harufu yake ilivuka mipaka ya wilaya bila kibali. Mtu wa Vumani aliyekuwa hana kazi Jumatatu hadi Ijumaa alikuwa na kazi Jumamosi: ama alibeba, ama aliimba, ama alikula. Mzee Ndolezi mwenyewe, mwembamba, mrefu, mwenye sauti ya mtu anayeongea ndani ya mtungi, alilia kwa kila panga. Alilia kweli. Wanaomfahamu wanasema alilia hata kwa Namba Thelathini na Tatu, ambalo lilikuwa na nyufa tangu siku ya kwanza na halikufua umeme wa kuwashia hata redio.

Jumamosi moja lilikuwa linazikwa Panga Namba Hamsini na Nane. Sikudhani alisimama kati ya waombolezaji, kando ya mama yake, Bi Tausi. Sikudhani ndiye aliyekuwa Msanifu Mkuu wa Mapanga katika Shirika la Upepo la Taifa, yaani yeye ndiye aliyebuni yale mapya sitini, ambayo bado yalikuwa michoro yakingoja kuajiriwa. Mzee Ndolezi alikuwa anasoma wasifu.

"Marehemu alifika nchini kwa meli akiwa bado mchanga," alisoma, na karatasi ikatetemeka, kwa huzuni au kwa upepo. "Hakuwahi kuchelewa kazini. Ulipokuwepo upepo, naye alikuwepo. Hakula rushwa. Ameacha mnara mmoja, mapanga wenzake wawili, na bolti tisini."

Kwaya ikaimba. Marehemu akateremshwa na winchi mbili. Kisha Mzee Ndolezi akatangaza, kwa masikitiko, kwamba Kilima Kipara sasa kimejaa. Zimebaki nafasi mbili tu, na zina wenyewe. Na kwa kuwa sheria mpya ya Vumani ilitaka kila mtumishi wa aina ya panga atengewe kaburi lake siku ileile anayoajiriwa, mapanga mapya sitini yatakapoajiriwa Alhamisi na Bodi ya Shirika, makaburi yao yatakatwa kwenye eneo jipya lililopimwa chini ya kilima.

Nchi ile haikuwahi kupanga barabara kabla ya gari wala darasa kabla ya mwanafunzi, lakini kaburi la panga ilikuwa inalipanga miaka ishirini kabla ya kifo. Tusiseme haina mipango.

Eneo jipya lilikuwa shamba la Bi Tausi.

Alirudi nyumbani akakuta alama ya X nyekundu kwenye ukuta wa jiko, nyingine kwenye mlango wa choo, na nyingine ubavuni mwa mbuzi wake, Kiroba, ambaye wapimaji walipofika alikuwa ameegemea ukuta na hakuona sababu ya kusogea. Mihogo ilikuwa na vigingi katikati ya matuta. Bi Tausi alivitazama vigingi, akamtazama mbuzi, mwisho akamtazama binti yake.

"Sikudhani, hayo mapanga mapya nani kayachora?"

"Mimi, Mama."

"Basi aliyenichorea makaburi shambani ni wewe."

Sikudhani akaeleza kwa upole kwamba yeye kazi yake ni panga. Kaburi ni idara nyingine.

"Mwanangu," Bi Tausi akasema, "mimi nikisonga ugali, siwezi kusimama nikasema sufuria chafu ni idara nyingine."

Aliingia jikoni, chini ya ile X, akaanza kuosha sufuria kwa kelele ambazo si lazima.

*

Sikudhani hakulala vizuri, na Jumapili alfajiri alilitoa kabatini kwake wazo alilolificha mwaka mzima. Lilikuwa panga la mianzi iliyobanwa pamoja na nyuzi imara, lililoshikwa kwa gundi ya aina mpya. Kwenye mvua gundi ile ilishika. Kwenye jua ilishika. Lakini ukiiloweka kwenye siki ya moto, iliachia taratibu kama mwanafunzi anayekabidhi simu aliyoificha, na kila kitu kikarudi peke yake: mianzi huku, nyuzi kule.

Alikuwa amelificha kwa sababu aliwahi kujaribu kulitaja. Karatasi ya maagizo aliyopewa na Shirika ilikuwa na mistari minne: panga liwe refu, jepesi, imara, na la bei ya chini. Aliuliza mbona hakuna mstari wa tano unaosema litakwenda wapi likichoka. Idara ya Mauzo ikajibu kwamba mteja hajauliza. Akauliza mteja ni nani. Mteja alikuwa Shirika lenyewe. Akaenda Shirika, yaani alivuka korido, akaambiwa haliwezi kuuliza jambo ambalo Idara ya Mauzo haijalipendekeza.

Akaenda Idara ya Mazingira. Idara hiyo ilikuwa na chumba kimoja, kalenda moja na mti mmoja, ambao ulipandwa kila mwaka na mgeni rasmi katika shimo lilelile, ukang'olewa ukahifadhiwa kwenye ndoo hadi mwaka unaofuata. Bwana wa idara alimpokea vizuri. Alimwambia kubuni si kazi yao. Wao huitwa bidhaa ikishakamilika kabisa, ili waibandike stika ya kijani.

Safari hii Sikudhani hakwenda idara yoyote. Alikwenda jikoni kwa mama yake. Alikuwa na kipande cha panga la majaribio, urefu wa mkono, akakitumbukiza kwenye sufuria ya siki juu ya jiko la mkaa, pembeni ya sufuria ya maharage. Maharage yalipoiva, na panga likawa limeiva. Bi Tausi alichomoa ubao mmoja wa mwanzi kwa koleo, akausuuza mara tatu, akaunusa, akaupima mkononi. Halafu akausongea ugali.

"Huyu kastaafu na keshapata kazi nyingine," alisema. "Kaburi la nini?"

Ilikuwa Jumapili mchana. Bodi ilikuwa ikutane Alhamisi.

*

Ili panga liajiriwe lilihitaji muhuri wa Ofisi ya Viwango, na muhuri ulikuwa mkobani mwa Bi Asumta Rweyo, ambaye hakuuacha hata akienda msalani. Jumatatu saa mbili Sikudhani alikuwa mbele ya meza yake.

Bi Asumta hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyesoma kanuni zote, na hilo humfanya mtu asogee polepole, kama aliyevaa sketi ya kubana. Alilitazama panga la mianzi kwenye picha, akalisifu, akachukua kalamu.

"Lina uzoefu gani?"

"Ni jipya."

"Naona. Nauliza uzoefu. Kanuni inasema panga linaloomba kazi liwe na uzoefu usiopungua miaka ishirini katika kazi hiyohiyo."

"Litapataje uzoefu kabla ya kuajiriwa?"

"Wengi huuliza hivyo," Bi Asumta akasema, bila kujibu, kama wasemavyo wote wanaokaa upande ule wa meza.

Sikudhani akauliza yale ya zamani yalipataje. Ikaonekana yale yalikuja na barua ya ng'ambo inayosema yana uzoefu, na barua ile haikuwahi kusomwa kwa kuwa ilikuwa na muhuri mzuri sana. Bi Asumta aliendelea kufunua kurasa. Kulikuwa na swali la uimara: je, kuna hali yoyote ambamo bidhaa inaweza kuachana vipande? Sikudhani, aliyelelewa kusema kweli, akasema ndiyo, kwenye siki ya moto. Bi Asumta aliweka kalamu chini akauliza itakuwaje ikinyesha mvua ya siki. Sikudhani akasema mvua hiyo haijawahi kunyesha. Bi Asumta akaandika: mwombaji hana takwimu za mvua ya siki.

Lakini alipomwona Sikudhani anakunja karatasi zake bila ubishi, moyo ulimlainika. Alisogeza miwani akamwambia, kwa sauti ya chini, kwamba hata uzoefu ungepatikana, tatizo lingebaki lilelile. Fomu ya ajira ina kipengele cha mwisho: namba ya kaburi. Panga lisilohitaji kaburi litakiacha wazi, na fomu yenye nafasi wazi haipokelewi. Anayeweza kusaini kwamba kipengele hicho hakihusiki ni mtu mmoja tu.

"Nani?"

"Mwenyekiti wa mazishi."

*

Mzee Ndolezi alikuwa uwanjani kwake, anakagua turubai zilizoanikwa. Sikudhani alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaletewa kiti na chai. Alieleza yote. Mzee alisikiliza kichwa kimeinama, na Sikudhani alipofika kwenye siki, Mzee alifumba macho.

"Mhandisi," akasema mwishowe, "unataka mtumishi wa umma amalize miaka ishirini, halafu achemshwe?"

"Si kuchemshwa, Mzee. Kuachanishwa kwa heshima."

"Bila wasifu? Bila kwaya?"

Sikudhani akakiweka chini kikombe cha chai. Mzee Ndolezi hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Alimshika mkono akampitisha kwenye uwanja: hawa ni wapishi, huyu ana watoto sita, yule mpiga kinanda alikuwa hana kazi tangu kiwanda cha kamba kifungwe, wale wawili wa winchi ni ndugu waliokuwa hawaongei miaka tisa, wakapatanishwa na Panga Namba Nne, kwa kuwa lilikuwa zito. Akasema anajua panga ni panga. Hakuwa mjinga. Lakini siku ya Jumamosi wilaya nzima ilikuwa na mahali pa kwenda.

"Kaburi likiondoka, watu wangu waende wapi?" aliuliza. "Nitafutie jibu la hilo, nami nitasaini hata kwa kidole cha mguu. Bila hivyo, Jumatano tunakuja shambani kwa mama yako kuchimba kaburi la mfano. Atusamehe. Mwambie tutakuja na pilau."

Jumatano wakaja, na pilau ikaja. Wakachimba shimo moja, kina cha mtu aliyesimama, katikati ya mihogo, wakaweka jiwe la msingi lenye jina la Mkurugenzi Mkuu wa Shirika. Bi Tausi hakugusa pilau. Majirani wanashuhudia kwamba hilo halijawahi kutokea.

Alijifunga kanga, akamwambia Sikudhani amsindikize kwa jirani, kwa kuwa palikuwa na kikao. Jirani yao, Mzee Shomvi, alifariki miaka miwili nyuma na leo tena walikuwa wanagawa mirathi yake. Sikudhani alikwenda akiwa na mawazo mengine kabisa. Aliketi mkekani akasikiliza watu wakijadili baiskeli moja, redio moja, majembe matatu na sufuria. Kilikuwa kikao cha kumi na tisa. Palikuwa na mwenyekiti, katibu, wazee wa upande wa baba, wazee wa upande wa mama, na shemeji aliyetoka mbali ambaye kila walipokaribia kuelewana alikohoa na kusema, "Ila kengele ya baiskeli ilikuwa yangu." Chai ilizunguka. Vitumbua vilizunguka. Mtu akalia kidogo, akabembelezwa. Kikaahirishwa hadi mwezi ujao.

Wakati wa kutoka Sikudhani alimuuliza mama yake mazishi ya Mzee Shomvi yalichukua muda gani.

"Kuzika? Asubuhi moja. Saa sita tulishanawa mikono."

Sikudhani akasimama njiani. Bi Tausi alikwenda hatua kumi nzima kabla ya kugundua anaongea peke yake.

*

Bodi ya Shirika la Upepo la Taifa hukutana katika ukumbi wenye madirisha yaliyofungwa na kuzibwa kwa gundi, kwa sababu ya upepo. Kwa kuwa umeme haukuwepo, wajumbe walijipepea kwa taarifa ya mwaka. Mkurugenzi Mkuu, Dakta Ngwali Matambule, alifungua kwa hotuba.

"Ndugu wajumbe," alisema, "upepo hauna mwenyewe, lakini una Mkurugenzi." Akasubiri makofi, akayapata. Alisema Vumani ni nchi ya kijani, ya kwanza katika ukanda wake na ya pili kutoka mwisho kwa alfabeti. Alisema uchafu ni adui, na kwamba adui huyo amedhibitiwa kwa kuzikwa. Alisema mengine ya nusu saa, ambayo yalihifadhiwa masjala.

Sikudhani alipoitwa, alikuta pembeni ya meza Bi Asumta na mkoba wake, na Mzee Ndolezi na fulana mpya sitini kwenye kifurushi. Alikuwa na kitu kimoja tu mkononi: mwiko wa mama yake, ule ubao wa mwanzi uliotoka kwenye siki. Nje ya ukumbi, Bi Tausi alikuwa ameketi kivulini na Kiroba kwenye kamba, kwa kuwa alikataa kumwacha mbuzi mwenye X peke yake siku kama ile.

Sikudhani hakuanza na mianzi. Hakutaja gundi wala udongo wala vizazi vijavyo, maana alikwishaona kwamba maneno hayo yanawapa wajumbe usingizi mwema. Alisema amekuja kwa jambo la aibu. Kwa mwaka mzima Taifa limekuwa likizika watumishi wake bila kugawa mirathi yao.

Ukumbi ukaacha kujipepea.

Akaendelea. Panga la zamani lilizikwa na kila lilichokuwa nacho, kwa kuwa lilitengenezwa namna ambayo haliwezi kuachanishwa. Hilo halikuwa kosa la Kamati, ni la waliolibuni. Panga jipya ni tofauti. Litakapostaafu litaogeshwa kwa siki ya moto mbele ya mashahidi, wasifu utasomwa, kwaya itaimba, na kila lilichokuwa nacho kitatoka kizima. Mianzi ina warithi: shule zisizo na madawati. Nyuzi zina warithi. Bolti zina warithi wengi, na wanaweza wasielewane. Patahitajika Kamati ya Mirathi, kamati ndogo ya mianzi, kamati ndogo ya nyuzi, na baraza la kusikiliza mapingamizi.

Mzee Ndolezi alinyanyua kichwa polepole.

"Panga moja," aliuliza, "vikao vingapi?"

"Mirathi ya baiskeli moja huko kwetu imefika kikao cha kumi na tisa, Mzee. Panga lina mita arobaini."

"Na pilau?"

"Kila kikao."

Mzee Ndolezi alitoa kitambaa akafuta macho. Kisha akaomba kalamu. Kwenye kipengele cha namba ya kaburi, kwa maandishi ya mtu aliyesoma enzi za viboko, akaandika: halihitajiki, marehemu ana warithi.

Ikabaki Bi Asumta. Alisema kwa masikitiko kwamba kanuni ya uzoefu iko palepale, miaka ishirini. Dakta Matambule akakunja uso, wajumbe wakaanza tena kujipepea, na Sikudhani akahisi shamba lote la mihogo likiteleza kutoka mkononi mwake. Aliutazama mwiko.

Mzee Ndolezi ndiye aliyekohoa, kama shemeji wa baiskeli.

"Kama kuna mirathi," alisema, "basi mrithi hurithi vyote, hata kazi za marehemu. Haya mapanga mapya yanakalia minara ya nani? Ya marehemu wangu sitini. Hamsini na nane nimewazika mwenyewe, wawili wanangoja Jumamosi zao, na wasifu zao ninazo. Kila mmoja alikuwa na uzoefu wa miaka ishirini, na hakuna aliyezikwa nao kwa hati."

Bi Asumta alifunua kanuni mbele, akafunua nyuma. Alisoma ukurasa mmoja mara mbili huku midomo ikitembea. Halafu akafungua mkoba, na kwa mara ya kwanza mwaka ule wananchi wa Vumani wakausikia muhuri ukigonga karatasi.

Dakta Matambule alihitimisha kwa kusema kwamba wazo hili lilikuwa lake tangu awali, ila alitaka kuona nani atalitambua.

*

Mapanga ya mianzi yapo juu ya Kilima Kipara hadi leo, yanazunguka, na umeme umerudi siku nne kwa wiki, zile nyingine yakiwa na taratibu zake za kiutumishi. Kamati ya Mirathi ilianza vikao Jumamosi iliyofuata. Ni kweli kwamba marehemu wake wa kwanza alitarajiwa miaka ishirini mbele, lakini Mzee Ndolezi alisema mirathi isiyoandaliwa mapema huleta ugomvi. Ugomvi umeshaanza. Wale ndugu wawili wa winchi hawaongei tena, sababu ni bolti.

Sikudhani aliongeza mstari wa tano kwenye karatasi ya maagizo, kwa mkono wake. Hakuna aliyeuona, na kwa hiyo hakuna aliyeufuta.

Lilibaki shimo moja, kaburi la mfano, katikati ya mihogo. Kamati iliomba radhi: ilikuwa na fomu ya kuchimba lakini haikuwa na fomu ya kufukia. Bi Tausi akawaambia waliache. Alitia humo samadi ya Kiroba, majivu, na maji ya kuoshea sufuria, akapanda migomba, na ule mwiko akaurudisha jikoni kwenye kazi yake.

Mwaka ulipotimia wakaja wakaguzi wa makaburi, kwa kuwa kaburi lilikuwa bado kwenye orodha. Walizunguka migomba mara tatu. Fomu yao ilikuwa na kipengele kimoja tu kisichoruhusiwa kuachwa wazi, hali ya marehemu. Mkaguzi mkuu aliwaza sana, akala ndizi aliyopewa, akaomba ya pili. Kisha akaandika, akasaini, na taarifa ile ipo masjala kwa anayetaka kuisoma: Marehemu anaendelea vizuri. Amezaa mikungu mitatu.